Muulize Kocha: Ubao wa kasia mtoni, kamba ya mguuni na maswali mengine ya wanaoanza

Maswali ya ubao wa kasia, ule mpana unaosimama juu yake huku unapiga kasia, yamekuwa mengi mno siku hizi, na safari hii watu hawaulizi ya ziwani kwenye maji yaliyolala, wanauliza mito ya milimani, zile safari mnaenda kikundi na mwongozaji yuko mbele na filimbi yake. Nimechukua machache, kama lako hulioni basi jua limo ndani ya la mwenzako.

Kocha mambo vipi. Washkaji wameshalipia safari ya ubao wa kasia mtoni, wanasema ni ya wanaoanza na kuna mwongozaji. Mimi kusimama kwenye ubao sijawahi popote pale. Nikajifunze kwanza kwenye maji yaliyotulia au niende tu hivyohivyo?
*Miguu Inatetemeka*

Poa ndugu yangu. Ukipata saa moja mbili kwenye maji yaliyotulia kabla ya siku yenyewe nenda, itakusaidia sana, ila ukikosa haijaharibika kitu kwasababu safari ikiwa kweli ni ya wanaoanza mtatumia muda mrefu kwanza pembeni ya mto palipotulia, mnafundishwa kupiga magoti, kusimama, kugeuza ubao na kuanguka. Cha kuuliza kabla hata ya hapo ni daraja la huo mto, yaani kiwango cha ugumu wake. Mito ya maji ya kasi inapangwa kuanzia daraja la 1 mpaka la 6, la 1 maji yanatembea na vikwazo ni vichache tena unaviona toka mbali, la 6 hata mabingwa wanalikimbia. Wewe unatakiwa uwe la 1, na la 2 kidogo kidogo mwongozaji akiwa jirani. Ukisikia "ni la 3 lakini utaweza tu" achana nao, warudishe hela. Halafu ujue daraja halijaandikwa kwenye jiwe la mto, mvua ikipiga huko juu usiku, asubuhi unakuta mto mwingine kabisa.

Kuhusu kusimama, watu wengi wanahangaika na kusimama bila kuyumba wakati kinachowaangusha mtoni ni kitu kingine. Chini ya ubao kwa nyuma kuna pezi, mnapita sehemu ya kina kifupi, pezi linagusa jiwe, ubao unasimama ghafla na wewe unaendelea na safari peke yako mpaka kwenye maji. Ndomaana bao za mtoni zinafungwa mapezi mafupi au ya mpira laini. Dawa yake ni mguu mmoja uutangulize kidogo mbele ya mwingine, magoti yalegee, macho yaangalie mita kadhaa mbele na sio vidoleni, na kasia likae majini muda wote maana kasia likiwa majini una kitu cha kuegemea, likiwa hewani huna kitu. Na ukiona maji yanachafuka mbele piga magoti mapema, hakuna wa kukucheka, hata mwongozaji anapiga magoti.

Kocha nimenunua ubao wangu wa kujaza upepo, umekuja na ile kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mguu. Video zote za baharini watu wanaivaa. Nimeenda mtoni mwongozaji kaniambia niivue, nikashangaa, si ndo usalama wenyewe huo? Nikidondoka ubao ukaenda zake je?
*Nina Ubao Wangu*

Vua, na mshukuru huyo mwongozaji maana kazi yake anaijua.

Baharini na ziwani kamba ya mguuni ni sawa, unadondoka, ubao unabaki karibu yako, unaupanda tena. Mtoni maji yanaenda upande mmoja tu na hayapumziki. Sasa chukulia umedondoka, ubao umepita kushoto kwa jiwe au kwa mti ulioanguka, wewe umepita kulia, kamba imebaki katikati imekaza. Mto mdogo tu unaopitisha mita za ujazo 10 kwa sekunde maana yake tani 10 za maji zinapita hapo kila sekunde, hayo ndo yanayokuvuta, na kamba iko mguuni kwahiyo ili uifungue inabidi ujikunje kuelekea yanakotoka maji ukishike kifundo. Huwezi. Hata mtu mwenye tumbo la chuma hawezi, maji yanamlaza na kichwa kinaenda chini. Watu wamekufa hivyo, wana laifu jaketi na ubao mzuri na kila kitu.

Mtoni ni ama huvai kamba kabisa, ama unavaa ile ya kiunoni yenye mkanda unaofunguka ukivuta mpira au kijishikio cha mbele. Paddle UK, chama cha wapiga kasia cha Uingereza, nao wanasema hivyohivyo, maji yanayotembea ni kamba ya kiunoni yenye kufunguka haraka. Ila kuinunua tu haitoshi. Uivae juu ya laifu jaketi isifunikwe na kitu, kile kishikio ukae unakijua kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na ufanye mazoezi ya kuvuta ukiwa ndani ya maji huku umefumba macho mpaka mkono uende wenyewe. Nimeona watu wameifunga kwa mbwembwe na kishikio kimezungukia mgongoni, hapo ni sawa na hujavaa.

Kwa anaeanza na yuko kwenye kikundi mimi namwambia aende bila kamba. Ubao ukiondoka utakamatwa mbele huko, kuna watu wa kuukamata.

Mwanangu kocha hujambo. Mimi ni mama wa miaka 52, wanangu wanataka twende wote. Kuogelea najua kidogo kidogo, najivuta. Laifu jaketi si inatosha?
*Mama Wawili*

Shikamoo mama. Laifu jaketi inakuweka juu ya maji, ila kukufikisha ukingoni ni kazi yako na ya mwongozaji. Kwahiyo kama maji yakikupiga usoni unapoteza akili kabisa naomba uanzie kwenye bwawa kwanza na jaketi lako mwilini, ujizoeshe kuelea. Ukiona umetulia hapo, nenda.

Mtoni hawaogelei kama bwawani. Ukidondoka unalala chali, miguu mbele kule maji yanakoelekea, vidole vya miguu uvione juu ya maji, makalio yanyanyue, mikono ndo inapiga kukupeleka pembeni. Kudondoka kwenyewe dondoka bapa, usitangulize kichwa wala miguu maana hujui chini kuna nini.

Halafu mama hili ndo nataka ulishike kuliko yote: USISIMAME. Maji yanafika magotini au kiunoni, unaona jamani si nisimame tu, mguu unaingia katikati ya mawe mawili, maji yanakusukuma mgongoni, unalala kifudifudi na mguu hautoki. Mtu anazama kwenye maji ya kiunoni hivihivi watu wanamuona. Subiri mpaka upo sehemu iliyotulia au makalio yameburuza chini ndo unyanyuke.

Kuna sehemu moja tu hiyo ya kulala chali inageuka, nayo ni mbele ya mti ulioangukia mtoni. Maji yanapita katikati ya matawi, wewe hupiti, unabanwa hapo. Ukiona mti mbele geuka tumbo chini na uogelee kwa nguvu zako zote kwenda pembeni. Ikishindikana, unauendea kichwa mbele na unajirusha juu ya gogo upande, usiruhusu miguu iingie chini yake kwanza.

Na ukirushiwa kamba ya kuokolea, ishike kifuani, ipite begani, lala chali ukitazama yanakoelekea maji. Usiizungushe mkononi hata mara moja. Mwambie mwongozaji muyafanye haya yote kwa makusudi kabla hamjaanza kushuka, na wanao wafanye, maana vijana ndo wanajifanya wanajua.

Nitajuaje kama mwongozaji ni mwongozaji kweli? Siku hizi kila mtu ana bao tano na ukurasa mtandaoni.
*Sidanganyiki*

Swali zuri sana hili. Tarehe 30 Oktoba 2021 kule Haverfordwest, Wales, kikundi cha watu kilishuka na bao kwenye mto uliojaa baada ya mvua kubwa, wakaenda mpaka kwenye banio, ule ukuta wa kukatiza mto ambao maji yanaruka juu yake na kujizungusha chini, wakafa watu 4, mmojawapo mwalimu. Ilikuwa safari ya kulipia na yenye kiongozi. Mwaka 2025 mwenye kampuni, ambaye ndo aliongoza ile safari, alihukumiwa kifungo, na mahakamani ilielezwa hakuwa na sifa za kuongoza watu kwenye maji ya namna ile. Kwahiyo neno "mna mwongozaji" lisikulaze usingizi.

Mimi ningemuuliza: cheti chako ni cha maji yaliyotulia au yanayotembea? Umeupita huu mto lini mara ya mwisho, na leo umeuangalia? Ukiwa umejaa mnafanyaje, mnaahirisha? Akikwambia hawajawahi kuahirisha hata siku moja, hapo mimi nabeba begi langu. Muulize kama kuna banio au bwawa la umeme njiani, mnatoka majini umbali gani kabla, na kama wenye bwawa wanafungulia maji saa ngapi. Mwangalie mwenyewe amevaa nini, asiyevaa helmeti wala kuwa na mfuko wa kamba ya kurushia kiunoni anakuonyesha picha yake yote. Na idadi yenu kwa mwongozaji mmoja, akiwa na kundi la kumi na tano peke yake atamuokoa nani aache nani.

Mwongozaji mzuri pia anawapa ishara kabla, kasia likisimamishwa wima njooni, likilazwa juu ya kichwa simameni, filimbi mara 3 kuna tatizo. Akinyoosha mkono ananyoosha kule mnakotakiwa kwenda, hanyooshei hatari, hii ielewe vizuri maana kuna watu wananyooshewa kulia wanadhani hatari iko kulia wanakimbilia kushoto.

Jua linawaka hatari, kwanini tunalazimishwa kuvaa wetisuti nzito, yale mavazi ya mpira ya kubana?
*Napikika*

Vaa kwa ajili ya maji. Mto wa milimani mara nyingi ni theluji au barafu iliyoyeyuka, na maji yakiwa chini ya nyuzi 15 ukidondoka mwili unavuta pumzi kwa nguvu wenyewe, bila kukuuliza, kichwa kikiwa chini ya maji hapo unavuta maji. Dakika ya kwanza kazi yako ni pumzi tu, itulize, mengine baadae. Ukisikia joto jimwagie maji basi. Na mito inayotoka kwenye barafu inapanda kadri jua linavyochoma, alasiri maji ni mengi kuliko asubuhi, ndo maana mnaamshwa mapema.

Nina kilo 105. Ubao utanibeba?
*Bonge*

Utakubeba kaka, bao nyingi za kujaza upepo za futi 10 na nusu zina ujazo wa lita 300 hivi na kidogo, zinatosha kuelea na kilo zako. Chagua pana, inchi 34 au 35. Ila hakikisha umejazwa mpaka presha iliyoandikwa pale kwenye valvu, nyingi ni karibu psi 15, zile za mwisho ndo ngumu kupampu na watu wanaachia njiani mkono ukichoka, matokeo yake ubao unabonyea katikati ukiupanda na hapo unene wako utasingiziwa bure.

Miwani na pete ya ndoa, nivue?
*Mke wa Mtu*

Miwani ifunge na kamba ya nyuma ya kichwa, pete acha nyumbani. Maji ya baridi yanasinyaza vidole, inateleza yenyewe wala huisikii.