Regirock: nani atangulie kwenye kikosi
Ili kufungua pango la Regirock, mmoja wa Pokémon adimu kwenye michezo ya Pokémon, lazima Pokémon wawili, Relicanth na Wailord, wakae kwa mpangilio maalum kikosini. Nani atangulie inategemea unacheza toleo gani la mchezo. Kwenye Ruby na Sapphire (2002), Relicanth anakaa wa kwanza na Wailord wa mwisho. Kwenye Emerald wamegeuzwa: Wailord mbele, Relicanth mwisho. Ndiyo maana watu wanabishana humu na kila mmoja yuko sahihi kwa kaseti yake.

Nimefungua pango hilo kwenye Ruby na Emerald zote mbili. Ukifika pangoni jangwani hata hatua zinatofautiana: Ruby ni kulia mara mbili, chini mara mbili, kisha tumia Strength (mbinu ya Pokémon); Emerald ni kushoto mara mbili, chini mbili, halafu mbinu ya Rock Smash.

Sevu mchezo kabla hujamgusa Regirock. Yuko leveli 40, ulinzi wake wa msingi ni 200, na kumnasa ni kazi kwelikweli.