Paka tumbo limefura, dawa ya minyoo haikusaidia

Dada wa Lamu uliyeuliza kwa nini dawa ya minyoo haikumsaidia paka wako, paka wa miezi minane aliyefura tumbo, mgongo umekonda na homa haishuki kwa antibayotiki, usilaumu minyoo tena. Daktari wa mifugo avute majimaji ya tumboni kwa sindano. Yakiwa ya manjano na yanavutika kama ute wa yai, shuku peritonitisi (uvimbe wa utando wa ndani ya tumbo) ya kirusi cha korona cha paka (watu hakiwaambukizi).

Kipimo chake ni rahisi: mililita 8 za maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanya mvuke), tone 1 la asidi ya siki iliyo kali, tikisa, kisha dondosha tone la majimaji yale. Likiyeyuka, huenda si ugonjwa huu. Likishuka polepole limejishika kama yavuyavu, shaka inazidi. Ila bakteria na saratani nazo hufanya hivyo, kwa hiyo hadubini ni lazima.

Dawa ni GS-441524 (dawa ya kupambana na virusi): miligramu 15 kwa kilo kwa siku, kwa mdomo, siku 84. Mpime uzito kila wiki. Akinenepa na dozi ikabaki ile ile, ugonjwa unaweza kurudi. Macho au neva zikiguswa, daktari ataipandisha dozi. Predinisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) pekee haiui kirusi. Maji yasikamuliwe yote, isipokuwa akihema kwa shida.