Wasomaji wanauliza: hii nyota yangu ni Mira (nyota nyekundu kubwa ambayo mwanga wake unabadilika sana) ao siyo?

SWALI: Yambo mukubwa, mi niko mwanafunzi wa fizikia hapa Lubumbashi. Nimepakua data za nyota moja nyekundu kwenye ASAS-SN (mtandao wa kamera zinazopiga picha anga), mwanga wake unapanda mpaka magnitudi 11 unashuka mpaka 13.8 (namba kubwa njo mwanga kidogo), na programu inanipa mzunguko wa siku 363. Naweza kuandika ni Mira? (Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Yambo mdogo yangu. Usiandike bado. Hiyo 363 njo inanitia wasiwasi, iko karibu sana na mwaka, na kila mwaka kuna miezi jua linakaa upande wa nyota yako kamera hazioni kitu, kwa hiyo data zina matundu yanayorudi kila mwaka na programu inaweza kushika hayo matundu ikaacha nyota. Simaanishi ni uongo, nyota Mira yenyewe, ile iliyopa kundi jina, iko na siku kama 332. Lakini chora grafu uitazame kwa macho yako: kilele unakiona kikipanda na kushuka, ao ni vipande vipande tu?

Halafu filta, hapa ndipo wengi wanateleza. ASAS-SN walianza na V (filta ya mwanga wa kijani-njano), kwenye 2018 hivi wakahamia g (ya kijani-buluu), na nyota nyekundu kwenye g inaonekana hafifu zaidi, tofauti inaweza kukaribia magnitudi nzima. Sasa hiyo 13.8 umeitoa wapi? Kama 11 ni ya V na 13.8 ni ya g, pengine nyota inabadilika kama magnitudi 2 tu, na Mira inatakiwa ipite 2.5 kwenye V, mzunguko kati ya siku 80 na 1000. Chini ya hapo tunaiweka SR, zile zenye mpangilio nusu nusu. (Huo mpaka wa 2.5 ni watu waliuweka, nyota haina habari nao, ila njo tunaoutumia.)

Angalia na majirani zake kwenye orodha ya nyota ya satelaiti Gaia. Pikseli moja ya ASAS-SN ni pana, sekunde 8 za tao (kipimo cha pembe angani), nyota ya pembeni ikimwaga mwanga wake humo basi yako haitaonekana kushuka mpaka chini, hata kama ni Mira kabisa.

Data za infraredi zikionyesha badiliko dogo usiogope, nyota ikipoa oksidi ya titani inajaa kwenye hewa yake na kuziba hasa mwanga wa macho.

Kwa hiyo tenga V na g, tafuta mzunguko upya kwa kila moja, na upitie VSX, orodha ya nyota zinazobadilika ya AAVSO (chama cha wanaozitazama), labda walishaiandika zamani. Grafu ututumie, lakini andika filta juu yake.