Jeni iliyobebwa na adenovirusi haidumu kwenye seli

Je, jeni iliyoingizwa kwenye seli kwa adenovirusi, kirusi kinachotumiwa maabara kubebea jeni, hujipachika kwenye kromosomu za seli? Hapana, haijipachiki, labda kwa nadra sana. DNA ya adenovirusi, pamoja na jeni ya binadamu iliyopandikizwa humo, huingia kwenye kiini cha seli na kukaa pembeni peke yake. Seli ikigawanyika, DNA hiyo hairudufiwi, kwa hiyo inazidi kupungua. Utaiona hata kwa macho ukitumia protini inayong'aa kijani: kesho yake au keshokutwa sahani ya kukuzia seli inawaka vizuri, baada ya wiki mbili za kuzikuza seli unatafuta mng'ao kwa tochi. Kwenye seli zisizogawanyika, kama za misuli, hukaa zaidi. Ukitaka ya kudumu, tumia lentivirusi, kirusi ambacho hupachika jeni kwenye kromosomu.

Na kirusi hiki cha kubebea jeni hakizaliani kwa sababu kimeondolewa jeni za E1, zinazoanzisha uzaliano wake. Hukuzwa ndani ya seli za HEK293, seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabara, zilizotengenezwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, ambazo zina E1 yake tayari. Ila angalia hapo: mara chache kirusi huiokota E1 hiyo na kurudia kuzaliana, kwa hiyo pima kila mkupuo mpya kabla ya kuutumia.