Kujitolea kugawa sindano safi: nikichomwa je?

SWALI: Nataka kujitolea kwenye mradi wa kuwabadilishia sindano wanaojidunga dawa za kulevya hapa Mombasa, lakini naogopa kuchomwa na zilizotumika. Nijiandae vipi? – Msomaji, Likoni

JIBU: Hofu yako ina msingi, na hatari yenyewe inapunguzika sana. Pata kwanza chanjo ya homa ya ini aina ya B: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Ukienda maskani wanakojidungia, vaa viatu vya kufunika.

Usipokee sindano mkononi. Mwenyewe aitumbukize kwenye kisanduku cha sindano zilizotumika. Ukiikuta chini, weka kisanduku kando yake bila kukishikilia, uiokote kwa koleo. Kamwe usirudishe kifuniko, hapo ndipo wengi huchomwa. Kisanduku kikifika robo tatu, kifunge. Ukishindilia, ncha zitakurudia.

Ukichomwa, usikamue wala kunyonya. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha hospitali saa ileile: dawa za kukinga VVU zianze ndani ya saa 72, zimezwe siku 28.

Anayekuja mikono mitupu, bila sindano ya kurudisha, mpe pia safi. Ukimnyima ataazima ya mwenzake, na virusi vya homa ya ini aina ya C hukaa hai ndani ya bomba hata wiki kadhaa. Na mwite kwa jina lake, si "teja".