Kwa mnaoanza fizikia: swali la kuhamia sayari ya mbali lijibiwe kwa hesabu ya nishati

Wadogo zangu mnaoanza fizikia hapa Mlimani, kuna swali mtaulizwa nyumbani, kwenye daladala, na zaidi sana na wanafunzi wa sekondari mtakapokwenda kuwafundisha: je, binadamu anaweza kwenda kuishi kwenye sayari ya nyota nyingine? Nalipenda swali hili kuliko mengine yote, kwa sababu linadai karibu kila kitu mtakachofundishwa. Msilijibu kwa ndiyo wala hapana. Shikeni kalamu.

Mwoneshe muulizaji penyewe kwanza. Sisi wa Dar tuna bahati ambayo watu wengi wa Ulaya hawana. Mwezi wa sita, saa tatu usiku, geukia kusini: utauona Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili angavu. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri. Jirani yake, Proxima Centauri, haionekani kwa macho matupu, lakini ukiliacha Jua hakuna nyota iliyo karibu nasi kuliko hiyo: miaka ya nuru 4.24, yaani nuru yake husafiri miaka 4.24 hadi kutufikia. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba inazungukwa na sayari, Proxima b.

Wengi hapo hukimbilia kasi. Chombo cha anga cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kumaliza umbali huo. Ni kweli, ila mwanafunzi mwerevu atasema basi tutengeneze chombo chenye kasi zaidi, na ana haki. Hakuna kanuni ya maumbile inayokataza asilimia 10 ya mwendo wa nuru. Mpe kasi hiyo, kisha mwambie ailipie kwa nishati.

Chukua kilo moja tu. Nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi inakupa kama uniti (kilowati-saa) milioni 125 za umeme. Bwawa la Nyerere, mitambo yote tisa ikizalisha megawati 2,115 bila kupumzika, lingehitaji takriban saa 59. Hiyo ni kilo moja. Mtu wa kilo 70 ni karibu miezi sita ya bwawa zima. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina tani zipatazo 420, kwa kawaida hukaa watu saba, na hata hao hupelekewa chakula kutoka Duniani. Kukifikisha kwenye kasi hiyo ni zaidi ya miaka 2,800 ya bwawa. Bado hujahesabu kupunguza mwendo ukifika, wala nishati itakayopotea njiani. Wanafunzi wakishapiga hesabu hii kwa mikono yao, maswali yao hubadilika kabisa.

Lakini msiishie kwenye safari. Kwa maoni yangu, kuishi ni kugumu kuliko kufika, na hapo ndipo sisi watu wa fizikia hujiamini kupita kiasi. Mwaka 1991 watu wanane walifungiwa Biosphere 2, jengo kubwa la vioo huko Arizona lenye mashamba na msitu wake, wakakaa miaka miwili. Oksijeni ilishuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 14, ikabidi iongezwe kutoka nje. Vijidudu vya kwenye udongo vilikuwa vinaitumia na kutoa kaboni dayoksaidi, na zege la jengo likawa linaifyonza kaboni hiyo, hivyo mimea haikuipata kuirudisha kuwa oksijeni. Aliyesoma udongo kule SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, angekuwa na la kusema mapema kuliko mhandisi wa roketi. Tafuteni marafiki huko, na kozi ya baiolojia msiichukulie kama ya kujaza nafasi.

Jambo jingine, mkisikia sayari iko kwenye ukanda unaofaa kwa uhai, jueni maana yake ni kwamba kwa umbali wake na nyota, maji yanaweza kuwa kimiminika endapo kuna angahewa inayofaa. Basi. Proxima b huzunguka nyota yake kwa siku 11 tu, ikiwa karibu mno na nyota ndogo nyekundu yenye milipuko mikali ya mionzi.

Sioni safari hiyo ikifanyika katika maisha yetu. Ila mazoezi yake yameshaanza kwenye sayari jirani ya Mirihi, na huko ningependa muelekeze nguvu. Kifaa cha MOXIE, kilichobebwa na gari la utafiti la Perseverance, kilitengeneza oksijeni kutokana na hewa ya Mirihi kuanzia 2021 hadi 2023, jumla gramu 122. Mtu mmoja hutumia kama gramu 840 kwa siku, kwa hiyo kazi yote hiyo ingemtosha saa tatu na nusu. Waulizeni wanafunzi wenu kifaa kingepaswa kuwa kikubwa kiasi gani kwa watu wanne, kingekula umeme kiasi gani, na umeme huo utoke wapi.