Wewe Una Zamu, Wao Wana Kwao

Jumapili iliyopita kijana wa jirani yangu hapa Gongo la Mboto alinipigia hodi. "Shikamoo anko." Marahaba, karibu. Mama yake ndiye aliyemtuma. Jina lake limo kwenye orodha ya askari wanaokwenda misheni ya kulinda amani Kongo, na mtaani mimi najulikana kama yule mzee aliyewahi kukaa Kongo. Akauliza nilichotegemea: waasi wana silaha gani, wanavamia saa ngapi. Nikamwambia hayo atafundishwa na makamanda wake, wanayajua kuliko mimi koplo mstaafu ninayeuza spea za bodaboda. Mimi nilitaka kumwambia habari za muuza mkaa.

Wengi wanaikumbuka Kongo ya mwaka 2013. Azimio 2098 la Baraza la Usalama liliunda brigedi maalumu ndani ya MONUSCO, yaani misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani Kongo, wakaenda Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, kamanda wa kwanza akiwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Waasi wa M23 waliokuwa wameuteka mji wa Goma Novemba 2012 wakatangaza kuacha vita Novemba 2013. Hiyo ndiyo tunayosimulia kwenye vijiwe vya kahawa, na mimi huisimulia kwa sauti kubwa kuliko wenzangu. Lakini vita vile, vya vilima na mizinga, viliisha mwaka ule. Kazi isiyokwisha ilikuwa upande wa Beni, mbele ya ADF, kundi la waasi lililoanzia Uganda miaka ya 1990. Kule adui anaingia shambani usiku na panga, asubuhi hayupo. Havai sare. Na wewe uko pale na seng'enge yako, wanakijiji wapo hatua mia mbili kutoka getini, mnatazamana mwaka mzima.

Sasa Mtanzania anafika Kivu, mashariki mwa Kongo, ana raha kuliko askari wa mataifa mengine, kwa kuwa anakijua Kiswahili. Hapo ndipo anapojikwaa. Kiswahili chao si chetu. Ukiambiwa kuna makala, usitafute gazeti, ni mkaa. Maji ni mayi, na wapo wapiganaji wa vijijini wanaoitwa Mayi-Mayi kwa imani inayofanana na ile ya Kinjekitile mwaka 1905, kwamba dawa ya maji inazuia risasi. Haya ya kuchekesha. Lakini mama mmoja alikuja getini analia kwamba yaya wake hajarudi kutoka shambani tangu jana. Nilikuwa zamu. Nikaandika kwenye daftari: mfanyakazi wa ndani wa mama fulani hajaonekana. Aliyesoma daftari lile alifikiri kama ningefikiri mimi, binti wa kazi kachoka, karudi kwao. Kule yaya ni kaka au dada mkubwa. Alikuwa anatuambia kaka yake hajarudi, kwenye njia ambayo sisi ndio tulitakiwa kuilinda. Doria ilitoka saa nane mchana badala ya alfajiri.

Kaka yake alipatikana hai, amejificha, mguu umeteguka. Nasema hivyo usije ukashindwa kulala. Ila tangu siku ile nilikuwa namrudia mtu maneno yake kwa njia nyingine: "Kaka yako, mliozaliwa tumbo moja?" Wenzangu walinicheka, eti naongea kama nafundisha darasa la kwanza. Wewe fanya hivyohivyo, acha wacheke.

Sasa lile ambalo sikuwa nimemsimulia mtu hapa mtaani. Kulikuwa na kijana anaendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, anabebea kuni. Jioni moja alipita karibu nasi akatuambia kwa sauti ya chini kwamba kijitoni kuna nyayo za viatu vya mpira, nyingi, na si za watu wa pale. Habari ilikuwa ya kweli na ilitusaidia. Siku tatu baadaye, siku ya soko, nikamwona. Nilifurahi, basi. Nikamwita kwa jina lake, nikampiga bega, nikamnunulia soda. Mbele ya soko zima. Aliipokea, akasema aksanti, hakuinywa. Akampa mtoto aliyekuwa karibu, akasukuma chukudu lake akaondoka. Wiki iliyofuata nyumba yao ilikuwa na kufuli. Nilipouliza majirani wamekwenda wapi, walitazama chini. Hakuna aliyeniambia ni kwa ajili ya ile soda, na mimi sikuhitaji kuambiwa.

Kijana wangu, hii ndiyo iandike kwenye simu yako kama hutaandika nyingine. Wewe una zamu. Ukimaliza mwaka unapanda ndege, unashuka Dar, unakula chipsi mayai. Yule aliyekuambia kitu analala palepale, na anayemwinda anajua anapolala. Kwa hiyo msalimie kila mtu kwa namna ileile, aliyekusaidia na aliyekununia. Doria ikipita, ipite nyumba zote za safu, ikae kila mlango muda uleule, iombe maji kila mahali hata kama hamna kiu, mwenye la kusema alisemee humo. Jina lake usilitaje sokoni, wala kwenye redio, wala ukiwa unapiga soga na wenzako mbele ya vibarua wa jikoni.

Zawadi nazo ni hivyohivyo. Biskuti za posho unazowarushia watoto zinawajaza getini kila asubuhi, na kambi ikishambuliwa risasi ya kwanza inalengwa getini. Kama una cha kutoa, pitishia kwa kiongozi wa kanisa au mwalimu, kigawiwe huko.

Kuhusu wanawake sitakawia. Maagizo ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 yanakataza kutoa pesa, kazi, chakula au chochote kwa ajili ya ngono, na aliye chini ya miaka 18 haguswi, hata kama sheria ya nchi inaruhusu, hata kama ulidhani ni mkubwa. Mwenye njaa hakukubali, amekosa la kufanya. Ukirudi na kesi hiyo usipite dukani kwangu.

Migomba, je? Utaagizwa kufyeka kuzunguka kambi ili mlinzi aone mbali. Ni sawa, mlinzi lazima aone. Lakini kila mgomba una mwenyewe, na ukianguka mbele ya macho yake bila neno, umemfanya jinsi alivyofanywa na waasi. Mkumbushe afande wako amuite mwenye shamba kwanza, wahesabu pamoja, fidia ijulikane. Bibi yangu mzaa mama alitoka Songea. Kwao habari za Maji Maji hazianzi na risasi, zinaanzia kwenye mashamba waliyochoma Wajerumani na njaa iliyofuata, iliyoua wengi kuliko bunduki. Mkulima hasahau nani aligusa chakula chake.

Sisemi ulegee. Desemba 7, 2017 kambi ya Watanzania wenzetu huko Semuliki, upande wa Beni, ilivamiwa, na wengi hawakurudi nyumbani kwa miguu yao. Lindo ni lindo. Na usitegemee kupendwa. Julai 2022 wananchi wa Goma, Beni na Butembo waliingia barabarani kuidai MONUSCO iondoke, watu wakafa. Niliangalia kwenye simu nikiwa hapahapa dukani, na nikaona uchungu, lakini sikushangaa. Ukimwambia mtu umekuja kumlinda halafu akazika, atakuuliza wewe, hatamuuliza muasi. Akikuuliza, usimjibu kwa takwimu za doria. Vua kofia, keti msibani, nyamaza.

Kijana akaniuliza abebe nini. Kandambili, nikamwambia, maana ndani kwa watu huingii na buti. Na daftari la madeni.

Alicheka, lakini ni kweli. Wiki ya mwisho pita kote unakodaiwa: fundi viatu, muuza ndizi, anayekufulia. Sisi tuliondoka kwa haraka, nikaacha deni la magunia mawili ya makala kwa mama mmoja aliyekuwa akituuzia hata siku za mvua. Ilinichukua mwaka na zaidi kumpata, kupitia dereva wa lori aliyekuwa akipakia bandarini hapa Dar kwenda Goma. Nilimtumia na kitenge juu yake. Dereva aliporudi aliniletea ujumbe: pesa imefika, kitenge ni kizuri, ila magunia yalikuwa matatu.